Tangi la maji taka likifurika katika nyumba mpya: Chanzo, hatari na namna ya kurekebisha

FAMILIA nyingi huhamia nyumba mpya zikiwa na furaha tele baada ya miaka ya kuweka akiba na kulipa mikopo. Rangi ingali inanukia, vigae vinang'aa na bustani ndiyo kwanza imepandwa.

Kisha mvua za masika huanza. Choo hakivuti vyema, maji ya bafu yanarudi juu, na uani panachipuka kidimbwi cheusi chenye uvundo. Lori la kunyonya maji taka linaitwa, likilipwa linaondoka, na baada ya wiki mbili au tatu linaitwa tena.

Hali hii imekuwa ya kawaida katika mitaa iliyochipuka kwa kasi pembezoni mwa Nairobi, kama vile Kitengela, Syokimau, Ruai na Utawala, na katika miji mingine ambako mabomba makuu ya maji taka hayajafika. Huko kila mwenye nyumba hulazimika kujitengenezea njia ya kuondoa uchafu wake.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba aghalabu tangi lenyewe halina kosa. Kosa huwa katika ardhi inayotarajiwa kuyapokea maji yatokayo kwenye tangi hilo. Anayeshindwa kutofautisha mambo haya mawili huishia kutumia fedha nyingi kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Mfumo wa kawaida una sehemu tatu: mabomba yanayotoa uchafu nyumbani, tangi la maji taka, na mahali pa kuyadidimiza maji ardhini.

Uchafu unapoingia ndani ya tangi, vitu vizito huzama na kuwa tope, nayo mafuta na povu huelea juu na kufanya utando. Katikati hubaki maji yaliyopungua uchafu. Bakteria wanaoishi pasipo hewa hulisaga tope hilo polepole na kulipunguza.

Tangi lililojengwa vyema huwa na vyumba viwili, na chumba cha kwanza huwa kikubwa zaidi, takriban thuluthi mbili za ujazo wote. Bomba la kuingilia na la kutokea huwekewa kiungo chenye umbo la herufi T ili utando wa mafuta usipenye na kutoka pamoja na maji.

Maji hayo ya katikati ndiyo yanayopita kwenda kwenye shimo la kufyonza au kwenye mitaro iliyojazwa kokoto. Huko udongo huyachuja, na viini vilivyomo ndani yake humaliza kazi ya kuyasafisha.

Hapa ndipo penye ufahamu wa kwanza ambao mwenye nyumba anapaswa kuuzingatia: tangi linalofanya kazi sawasawa huwa limejaa wakati wote, hadi usawa wa bomba la kutokea. Lita zinazoingia husukuma lita zizo hizo nje. Kujaa si dalili ya kuharibika.

Tuchukue mfano wa familia ya watu sita ambao kila mmoja hutumia lita 100 za maji kwa siku. Tangi la lita 3,000 litajaa siku ya tano tu tangu wahamie. Kuanzia hapo, lita 600 huingia na lita 600 hutoka kila siku kwa muda wa miaka kadhaa kabla tope halijawa jingi kiasi cha kuhitaji kuondolewa.

Kwa hivyo, nyumba mpya inayoita lori kila baada ya wiki chache haina mfumo wa kusafisha maji taka. Ina pipa la kuhifadhia uchafu. Maji yamekosa pa kwenda.

Udongo ndio mwamuzi

Nchini Kenya aina za udongo hutofautiana mno, hata katika kaunti moja.

Udongo mwekundu wa sehemu nyingi za Kiambu hupitisha maji kwa wepesi wa kuridhisha. Kinyume chake, udongo mweusi wa nyanda za Athi, kuanzia upande wa Embakasi hadi Kitengela, ni wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana, na mtu akimwaga maji humo hutoweka mara moja. Mvua inaponyesha udongo huo hufura, nyufa hufunga, na ardhi huwa kama sahani. Nyanda za Kano karibu na Kisumu zina tatizo la namna hiyo.

Hii ndiyo sababu shimo lililochimbwa mwezi wa Februari huonekana kuwa zuri, na kufikia Aprili likawa limefurika. Mvua kubwa za Aprili 2024, zilizosababisha mafuriko Nairobi na viunga vyake, ziliwakumbusha wakazi wengi kwamba ardhi iliyojaa maji haiwezi kupokea mengine.

Katika Pwani kuna tatizo la kinyume. Mwambao wa Kilifi, Mtwapa na Diani umeketi juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu mengi. Huko shimo halifuriki na mwenye nyumba hudhani mambo ni shwari, ilhali maji machafu hupita upesi pasipo kuchujwa na kuvifikia visima vya majirani. Kimya hicho ni hatari zaidi kuliko uvundo.

Kipimo rahisi

Ipo njia ya kuipima ardhi ambayo haihitaji mitambo. Wahandisi huitumia kabla ya ujenzi, na inafaa pia kutumiwa pale mfumo unapokwama.

Chimba shimo la mraba lenye upana wa sentimita 30 kila upande, na kina cha sentimita 30 chini ya usawa wa mahali mabomba ya kudidimiza maji yatakapolazwa. Lijaze maji na uliache usiku kucha ili udongo ushibe.

Siku ya pili lijaze tena. Pima muda ambao maji yanachukua kushuka kutoka kina cha sentimita 22.5 hadi sentimita 7.5, yaani sentimita 15. Rudia mara tatu, katika mashimo mawili au zaidi, kisha utafute wastani. Usipime wakati mvua kubwa inanyesha.

Wastani huo ugeuze kuwa sekunde na uugawanye kwa 150. Jibu ni idadi ya sekunde ambazo maji huchukua kushuka milimita moja. Kulingana na kanuni za Uingereza, ambazo wahandisi wa nchi nyingi huzifuata, jibu likiwa kati ya 15 na 100 udongo unafaa. Likiwa chini ya hapo, maji yanapita kasi mno na hayatasafishika. Likizidi 100, yaani kushuka huko kukachukua zaidi ya saa nne na dakika kumi, udongo hauwezi kuyapokea kwa njia ya kawaida.

Ili kupata eneo linalohitajika, zidisha jibu hilo kwa idadi ya watu, kisha kwa 0.25. Kwa watu sita na udongo wenye kipimo cha 20, zinahitajika mita 30 za mraba. Mitaro yenye upana wa sentimita 60 italazimika kuwa na urefu wa jumla wa mita 50. Udongo wenye kipimo cha 80 utahitaji mita 120 za mraba.

Sasa linganisha na ploti ya kawaida ya futi 50 kwa 100, ambayo ina takriban mita 464 za mraba. Ukiondoa nyumba, maegesho ya gari, tangi na kisima, mita 120 hupatikana kwa taabu. Shimo moja la kufyonza lenye upana wa mita 1.5 na kina cha mita 3, hata tukihesabu kuta zake zote, lina mita 14 hivi za mraba. Ni bayana kwa nini mashimo ya aina hiyo hufurika.

Kuhusu ujazo wa tangi lenyewe, kanuni iliyozoeleka ni kuzidisha idadi ya watu kwa lita 180 na kuongeza lita 2,000. Watu sita watahitaji lita 3,080. Nyumba ya kupangisha yenye familia nne haiwezi kutegemea tangi la ukubwa huo.

Tafuta chanzo kabla ya kuchimba

Kabla ya kumwita fundi avunje chochote, fuata hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, chunguza ni wapi maji yanakwama. Ikiwa ni sinki moja au choo kimoja tu, bomba la mahali hapo limeziba. Ikiwa vyoo na mabafu yote yanarudisha maji, tatizo liko kwenye bomba kuu au mbele yake.

Pili, funua chemba iliyo karibu zaidi na tangi. Ikiwa chemba imejaa ilhali tangi liko katika usawa wake wa kawaida, bomba kati ya viwili hivyo limeziba. Katika nyumba mpya, aghalabu huziba kwa saruji, mchanga, mifuko na vipande vya vigae ambavyo mafundi waliviacha ndani. Huenda pia bomba lililazwa bila mteremko wa kutosha. Bomba la milimita 100 linafaa kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita.

Tatu, tazama usawa wa maji ndani ya tangi ukiwa nje yake. Yakiwa juu ya bomba la kutokea, njia ya kutokea imeziba au ardhi haipokei. Yakiwa chini ya bomba hilo katika nyumba inayokaliwa siku zote, tangi linavuja na uchafu unazama ardhini kimyakimya.

Nne, lori linaponyonya tangi, usiondoke. Simama kando na utazame bomba la kutokea. Maji yakirudi ndani ya tangi kutoka upande wa shimo la kufyonza, umepata jibu: shimo limeshiba. Hata ukinyonya kila mwezi hutakuwa umerekebisha lolote.

Tano, chunguza maji ya mvua yanaelekea wapi. Paa lenye eneo la mita 100 za mraba hukusanya lita 5,000 mvua ya milimita 50 inaponyesha. Mafundi wengine huunganisha mifereji ya paa na bomba la maji taka ili kuokoa gharama. Hakuna mfumo wa nyumbani unaoweza kustahimili mzigo huo.

Onyo: Usiingie ndani ya tangi

Kila mwaka watu hupoteza maisha ndani ya mashimo na matangi ya maji taka. Gesi ya haidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai viza, humlemea mtu kwa muda mfupi. Ikizidi huua hata uwezo wa kunusa, na mhasiriwa hudhani hewa imekuwa safi. Gesi ya methani nayo huweza kuwaka, kwa hivyo usikaribie na kiberiti wala sigara.

Aghalabu anayekufa si mmoja. Fundi huanguka, mwenzake hushuka kumwokoa, naye huanguka. Mtu akizidiwa ndani, usimfuate. Piga kelele, ita wazima moto, na ujaribu kumvuta kwa kamba ukiwa nje. Kuacha mfuniko wazi kwa saa chache hakuhakikishi usalama.

Hakikisha pia kwamba mifuniko ni imara na imefungwa. Mtoto anaweza kutumbukia kwa sekunde moja.

Hatua za dharura

Wakati suluhisho la kudumu linatafutwa, punguza maji. Rekebisha choo kinachovuja, kwani kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku bila mtu kutambua. Punguza kufua kwa mashine, na uielekeze mifereji ya paa mbali na tangi na shimo.

Zungushia ua mahali palipofurika, na uwazuie watoto na mifugo. Majimaji hayo yanaweza kubeba viini vya kipindupindu, homa ya matumbo na maradhi ya kuhara. Ikiwa kuna kisima karibu, chemsha maji yake au uyatibu kwa dawa, na ikiwezekana uyapeleke yakapimwe. Wataalamu wengi hushauri umbali wa angalau mita 30 kati ya kisima na mahali maji taka yanapodidimizwa.

Lori likiitwa, liwe lenye leseni, na uulize linaumwaga uchafu wapi. Usikubali lisukume maji hayo kwenye mtaro wa barabarani au mtoni. Aidha, tangi la plastiki lisinyonywe lote wakati ardhi imejaa maji, kwa kuwa linaweza kuinuliwa na maji ya chini na kung'oa mabomba.

Jihadhari na dawa za unga au majimaji zinazouzwa kwa ahadi ya kumaliza tatizo. Bakteria wamo tayari ndani ya kinyesi. Hakuna dawa inayougeuza udongo wa mfinyanzi kuwa mchanga.

Suluhisho la kudumu

Tiba hutegemea chanzo. Bomba lililoziba huzibuliwa, na lililolazwa vibaya hulazwa upya. Kiungo cha T kilichosahauliwa hutiwa, na kazi hiyo si ghali. Tangi linalovuja hunyonywa, likakaguliwa na mtaalamu, kisha likazibwa au likajengwa upya.

Ikiwa fundi aliziba kuta za shimo la kufyonza kwa plasta, amelifanya kuwa tangi la pili. Kuta za shimo hilo hupaswa kujengwa kwa mawe au matofali yenye mianya, na kuzungushiwa kokoto.

Ikiwa udongo unapitisha maji ila eneo ni dogo, ongeza mitaro ya kokoto badala ya kuchimba shimo refu zaidi. Kwenda chini sana huyakaribisha maji machafu kwenye maji ya ardhini. Magari yasipite juu ya mitaro hiyo, kwa kuwa hushindilia udongo.

Ikiwa udongo ni mweusi na hauyapokei maji kabisa, kuna njia tatu. Mosi ni kujenga tuta la mchanga juu ya ardhi na kuyapandisha maji huko kwa pampu, ili yachujwe kabla ya kuifikia ardhi ya chini. Pili ni kitalu kisichovuja, kilichojazwa kokoto na kupandwa matete, ambapo mimea husaidia kuyasafisha maji na kuyarudisha mengine hewani. Tatu ni majirani kuungana na kujenga mtambo mmoja wa kusafisha maji taka ya mtaa mzima.

Mifumo ya baiodaijesta inayotangazwa sana siku hizi husaga uchafu vyema na huhitaji nafasi ndogo. Hata hivyo, maji yanayoingia humo sharti yatoke. Muuzaji asiyeuliza udongo wako ni wa aina gani hajakuuzia suluhisho.

Nani atalipa?

Kwa kuwa nyumba ni mpya, usikimbilie kulipa kabla ya kuusoma mkataba wako. Mikataba mingi ya ujenzi na ya ununuzi wa nyumba huwa na kipindi ambacho mjenzi analazimika kurekebisha kasoro kwa gharama yake. Kipindi hicho aghalabu ni cha miezi sita au mwaka mmoja, na huanza kuhesabika siku ya kukabidhiwa funguo.

Toa malalamiko kwa barua, si kwa simu pekee. Weka picha zenye tarehe, risiti za malori na matokeo ya kipimo cha udongo. Mwombe mhandisi aliyesajiliwa aandike ripoti kabla chochote hakijafukuliwa, kwani ushahidi ukishaharibiwa mjenzi anaweza kuyakana makosa yake. Omba pia nakala ya michoro iliyoidhinishwa na kaunti ili ilinganishwe na kilichojengwa.

Kipindi hicho kikipita, haki haijapotea lazima. Sheria ya Kenya kuhusu muda wa kuwasilisha kesi inaruhusu madai ya kuvunjwa kwa mkataba kufikishwa mahakamani ndani ya miaka sita, na madai ya uzembe ndani ya miaka mitatu. Wakili atakueleza muda huo unaanza kuhesabiwa lini katika kesi yako.

Kumbuka vilevile kwamba jirani ana haki dhidi yako. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, nayo Sheria ya Afya ya Umma inapiga marufuku uchafu unaohatarisha afya ya wengine. Afisa wa afya wa kaunti anaweza kukuagiza uondoe kero hiyo, hata ikiwa aliyeisababisha ni mjenzi. Malalamiko yanaweza pia kufikishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA).

Kabla ya kupokea funguo

Kwa anayenuia kununua au kujenga, ni heri kuuliza mapema. Je, udongo ulipimwa, na matokeo yako wapi? Tangi lina ujazo wa lita ngapi, na lilikusudiwa watu wangapi? Maji yanadidimizwa wapi, na eneo hilo ni mita ngapi za mraba? Kisima cha jirani kiko umbali gani? Mifereji ya paa inaelekea wapi?

Itazame nyumba wakati wa mvua, si wakati wa jua pekee. Fungua mabomba yote kwa pamoja, vuta vyoo vyote, kisha utoke nje ukafunue chemba.

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipimo cha udongo huhitaji jembe, ndoo, saa na siku mbili za subira. Mwenye nyumba aliyekwisha kulipa malori kumi anafahamu kwamba hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote alizoziruka.